Mcheza kwao hutuzwa, isipokuwa msimulizi wa kibanda cha video

Kila tunapokutana katika makongamano ya lugha humu nchini, sisi wasomi huzungumzia kamusi, istilahi, mitaala na sera. Hayo ni mambo mazito na yafaa kuzungumzwa. Hata hivyo, kuna kundi moja la watumiaji wa lugha ambalo sijapata kulisikia likitajwa katika vikao hivyo, ijapokuwa yamkini kwa siku moja husikilizwa na watu wengi kuliko watakaosoma makala zetu za kitaaluma kwa mwaka mzima. Ninawakusudia wachekeshaji wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili katika vibanda vya video vya Meru na Embu, na ambao sauti zao zilianza kuuzwa kwa kanda, zikaja kwa sidii, na siku hizi husambazwa kwa simu za mkononi.

Msomaji ambaye hajapata kuingia katika kibanda cha aina hiyo aniruhusu nimweleze. Ni chumba cha mabati au mbao, aghalabu kandokando ya soko au stendi ya magari. Ndani mna mabenchi, runinga iliyoinuliwa juu ukutani, na vipaza sauti vyenye nguvu kuliko ukubwa wa chumba chenyewe. Filamu ni ya Marekani, ya India au ya Uchina. Sauti yake ya asili imepunguzwa, na juu yake imewekwa sauti ya msimulizi. Yeye ndiye humweleza mtazamaji nani ni nani na ana kisa gani na nani. Huwapa wahusika majina mapya, huwatania, huwaonya wasipite njia fulani kwa kuwa adui amejibanza, na mara kwa mara huacha kisa kando ili awasalimu wachuuzi wa ndizi. Watu hucheka, lakini kisa hawakikosi.

Ni jambo la kusikitisha kwamba kazi hii imedharauliwa kwa muda mrefu. Wazazi huiona kuwa ni ya wavivu, walimu huiona kuwa ni ya kuharibu lugha, na serikali huikumbuka tu wakati wa msako wa leseni. Leo ningependa kudai kinyume. Ninadai kwamba msimulizi wa kibanda ni mfasiri kamili, na kwamba anafanya jambo ambalo lugha zetu zinalihitaji mno: anazipa nafasi ya kuizungumzia dunia ya kesho, badala ya kuachwa ziwe mapambo katika ndoto za watu wengine.

Kwanza ieleweke kwamba sanaa hii haikuzuka jana. Nchini Japani, katika zama za filamu zisizo na sauti, walikuwako wasimulizi walioitwa benshi, ambao walisimama kando ya pazia na kusema kwa niaba ya wahusika wote. Baadhi yao walipata umaarufu sawa na ule wa waigizaji wenyewe. Kwetu Afrika ya Mashariki, kati ya mwaka wa 1935 na 1937, palikuwa na mradi wa filamu za elimu ulioendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu zake zilizungushwa kwa lori katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, na maelezo yake yakatolewa kwa lugha za wenyeji. Wakoloni walikwisha kutambua kwamba picha pekee haitoshi, na kwamba lazima pawepo mtu wa kuisemea.

Baada ya uhuru, hasa kanda za video zilipoenea, mtu huyo wa kuisemea picha alirudi bila kutumwa na serikali yoyote. Jijini Dar es Salaam alivuma Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Nchini Uganda wako wale waitwao VJ, yaani waleta mzaha wa video, ambao husimulia kwa Kiganda. Filamu ya Uganda ya mwaka wa 2010, Who Killed Captain Alex?, imejulikana duniani kote ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, na ni vigumu sasa kuitenga filamu na sauti hiyo. Hapa Kenya ni nani asiyemjua James Muigai, yaani DJ Afro? Ukipanda gari kutoka Embu kwenda Meru, ukapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, si ajabu ukaisikia sauti yake au ya mmoja wa wanaomwiga.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Si zamani sana, nilipokuwa nikifundisha somo la tafsiri, niliwaalika darasani vijana wawili wa kazi hii, mmoja kutoka upande wa Maua na wa pili kutoka upande wa Runyenjes. Sikutaka wasimulie filamu ya vita ambayo wameizoea. Niliwawekea vipindi viwili vya Star Trek, ile tamthilia ya Marekani ya safari za angani iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Septemba mwaka wa 1966 na kusitishwa mwaka wa 1969, ikiwa na vipindi 79. Niliichagua kwa sababu moja: Kiswahili kimo ndani yake.

Wengi wetu hatulijui jambo hili. Miongoni mwa mabaharia wa chombo kile cha angani yumo mwanamke mweusi, ofisa wa mawasiliano, aliyeigizwa na marehemu Nichelle Nichols. Jina lake ni Uhura, nalo lilitoholewa kutoka neno letu uhuru. Katika kipindi cha kwanza kabisa kupeperushwa, dubwana linalojigeuza sura linamjia Uhura katika umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Katika kipindi kingine, cha mwaka wa 1967, mashine iitwayo Nomad inayafuta yote aliyokuwa akiyajua. Inabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa chekechea, na muuguzi anakaa naye akimtamkisha maneno ya Kiingereza. Anapolemewa na somo, maneno yanayomtoka ni ya Kiswahili.

Vijana wangu wawili hawakuwa wamewahi kuiona tamthilia hiyo. Niliwaonyesha kila kipindi mara moja bila wao kusema neno, kisha nikawapa maikrofoni.

Mabaharia walipoingia katika ile mitambo inayowayeyusha hapa na kuwaibusha kule, yule wa Maua aliiita "matatu isiyo na makanga wala foleni," kisha akaongeza kwamba nauli ya kwenda imelipwa ila ya kurudi haijulikani. Nomad, kwa wasiojua kisa, ni chombo kilichorushwa kutoka duniani kikagongana na chombo cha kigeni, na tangu hapo kikawa kinaangamiza kila kitu chenye kasoro. Yule wa Runyenjes hakuhangaika kutafuta istilahi. Alikiita "mkaguzi." Alieleza kwamba mkaguzi huyu akikuta kosa moja hafungi shule, bali huifuta pamoja na wanafunzi wake. Hatimaye nahodha Kirk alipoithibitishia mashine kwamba nayo imekosea, nayo ikajiangamiza, kijana alisema maneno mawili tu: "Mkaguzi amejikagua." Darasa zima liliangua kicheko.

Lakini walipofika kwenye sehemu ya Uhura na muuguzi, kicheko kilikuwa cha namna nyingine. Uhura aliposema Kiswahili katikati ya somo la Kiingereza, yule wa Maua alipaza sauti: "Mvisheni diski!"

Kwa msomaji aliyekulia nje ya Kenya, labda nifafanue. Diski, ambayo mahali pengine huitwa monito, ni kipande cha mti au kibao kilichovishwa shingoni mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya nyumbani shuleni. Aliyekivaa alikipokeza kwa mwenzake atakayemnasa, na jioni wote waliopitiwa nacho waliadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliuandika mwaka wa 1986 ushahidi wa adhabu za namna hiyo. Wanafunzi wangu wengi ni wazaliwa wa Igembe, Tigania, Imenti, Tharaka, Chuka, Mbeere na Embu. Walicheka kwa sababu wanaijua diski, kisha wakanyamaza kwa sababu hiyohiyo.

Katika ukimya huo yule wa Runyenjes akaongezea: "Mashine imefuta kichwa, haijafuta titi alilonyonya."

Nimesoma makala kadhaa za wataalamu juu ya tamthilia hii. Wengi husifu, na wana haki ya kusifu, ujasiri wa kumweka mwanamke mweusi katika cheo cha heshima wakati ambapo huko Marekani watu weusi walikuwa bado wanapigania haki zao. Nichols mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi Martin Luther King alivyomsihi asiache kazi hiyo. Ila sikumbuki kusoma mahali popote lile ambalo vijana hawa waliliona kwa muda wa dakika chache: kwamba hata katika karne ambayo binadamu anasafiri kati ya nyota, mwanamke wa Kiafrika bado yu darasani akirudishwa kwenye Kiingereza, na Kiswahili chake kinachukuliwa kuwa dalili ya ugonjwa ambao haujapona. Mzaha wa mtu mmoja mwenye maikrofoni ulifanya kazi ya uhakiki.

Nikitazama kwa jicho la isimu, naona vijana hawa walifanya mambo matatu.

La kwanza ni kuvipa vitu majina. Sisi wataalamu tumeunda istilahi nyingi, na baadhi ni nzuri sana. Hata hivyo, neno haliishi kwa kuwa limechapishwa. Huishi kwa kuwa limesemwa. Tarakilishi iko katika vitabu vyetu, lakini vijana wa Makutano na wa Kiritiri husema kompyuta. Rununu tuliipigia debe, nao wakaendelea kusema simu. Msimulizi wa kibanda yu katika hali ngumu kuliko yetu, kwa maana hana hata dakika moja ya kushauriana na kamati. Kitu kigeni kimejitokeza kwenye kioo na watu wanamtazama. Lazima akiite jina sasa hivi, na lazima waliolipa kiingilio waelewe papo hapo. Majina mengi anayoyatoa yatakufa siku hiyohiyo. Machache yataingia mitaani, na yakiingia hayatatoka.

La pili ni kukileta kisa nyumbani. Mkaguzi wa shule si tafsiri ya Nomad kwa maana ya kamusi. Ni tafsiri kwa maana ya kazi inayofanywa na mhusika katika kisa. Mtazamaji wa Siakago ambaye hajui lolote kuhusu vyombo vya angani anajua sana hofu ya mtu anayekuja kutafuta kosa. Hofu hiyo ndiyo kiini cha kipindi chenyewe. Kijana hakukipotosha kisa, bali alifika kwenye mzizi wake kwa njia ya mkato.

La tatu ni kuhoji. Mfasiri wa kitabu huwa hana ruhusa ya kumwambia msomaji kwamba mwandishi amepotoka. Msimulizi wa kibanda anayo, na huitumia. Anaweza kuuliza kwa nini katika filamu hii mtu mweusi hufa wa kwanza, kwa nini Afrika huonyeshwa kama pori, au kwa nini Uhura hapewi chombo akiongoze. Hivyo, filamu inayotoka Hollywood ikiwa ni hotuba ya mtu mmoja hufika Maua ikageuka kuwa mjadala.

Hapa ningependa msomaji atafakari nasi kuhusu jina hilo Uhura. Katika sarufi ya Kiswahili halina maana. Waliolibuni walidhani kwamba kumalizia neno kwa irabu a kunalifanya kuwa la kike, kama ilivyo katika Kihispania au Kiitaliano. Sisi hatuna mtindo huo. Uhuru kwetu hauna jinsia, na ni wa mama kama ulivyo wa baba. Linganisha na tukio la kweli. Tarehe 12 Desemba mwaka wa 1970, siku ya sikukuu yetu ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka anga za mbali, na kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina la Uhuru, safari hii bila kuharibiwa irabu. Setilaiti hiyo ilichangia uchunguzi uliowafanya wanasayansi waanze kuamini kwamba mashimo meusi ya angani yapo kweli.

Kwa hiyo katika visa hivi viwili Kiswahili kilifika angani, mara moja kwa hadithi na mara moja kwa kweli. Ajabu ni kwamba mara zote mbili kilifika kama jina lililobandikwa juu ya kazi ya wengine. Vijana wetu wangapi katika shule za Meru na Embu wamefundishwa habari za setilaiti hiyo, tena kwa Kiswahili? Jina ni heshima, na hatuikatai. Walakini, lugha hailelewi kwa kutajwa. Hulelewa kwa kusemwa, kubishaniwa na kutaniwa.

Lugha nyingine za Kenya zimetendewa hata zaidi ya hayo. Katika filamu ya Return of the Jedi, ya mwaka wa 1983, kuna kiumbe wa sayari nyingine aitwaye Nien Nunb, msaidizi wa rubani. Sauti yake ilitolewa na mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, na maneno yaliyosikika ni ya Kikuyu cha kawaida. Kwa mtazamaji wa Marekani hiyo ilikuwa milio ya dubwana. Kwa mtazamaji wa Embu, ambaye Kiembu chake na Kikuyu ni mtu na jirani yake, hakukuwa na haja ya mkalimani. Watu walicheka, na ni haki yao kucheka. Lakini tujiulize: ikiwa lugha ya mama zetu yaweza kutumika kama lugha ya viumbe wasio watu, ni nani atakayeirudisha katika vinywa vya watu ndani ya hadithi hizohizo, kama si msimulizi wa kibanda?

Na hapo ndipo nina neno na wasimulizi wenyewe, maana mapenzi yasiwe kipofu. Mara nyingi nimesikia wakimpa mhusika mjinga, mlinzi wa geti au mtu mwenye hasira za ghafla, lafudhi ya Kimeru. Mzaha huu hauko katika vibanda pekee. Umeenea katika jukwaa zima la uchekeshaji nchini. Sipingi mzaha. Lafudhi ni jambo la kawaida la kiisimu. Kimeru huhifadhi sauti kama nk na nt, kama yanavyoshuhudia majina Nkubu na Ntonyiri, mahali ambapo Kiembu hupendelea ng na nd. Mmeru husema muntu, Mwembu husema mũndũ, Mswahili husema mtu, na wote watatu wanamtaja mwanadamu yuleyule. Hakuna ujinga katika sauti hizo.

Tatizo ni pale ambapo shujaa huzungumza Kiswahili sanifu au Sheng ya Nairobi siku zote, na Kimeru hutokea tu kinywani mwa mpumbavu. Mtoto wa Laare anayeketi kwenye benchi lile atajifunza, bila kuambiwa, kwamba lugha ya nyumbani kwao haina shujaa. Hiyo ni diski nyingine, isiyoonekana shingoni. Yule kijana wa Maua aliyeitania diski ya Uhura anaweza vilevile kuivua kutoka kwa wasikilizaji wake. Meru imewatoa wachekeshaji wanaotambuliwa kitaifa, kama vile Jasper Muthomi, yaani MC Jessy, na kwa hivyo hapana anayeweza kusema kwamba Mmeru hajui kuchekesha isipokuwa achekwe. Ninawaomba wasimulizi wajaribu: mpeni nahodha wa chombo Kimeru. Mpeni mwanasayansi Kiembu. Kicheko hakitapungua, na huenda kikaongezeka.

Najua kwamba kuna pingamizi, na baadhi yake ni za haki. Yapo madai kwamba wasimulizi huharibu Kiswahili kwa kuchanganya Sheng. Jibu langu ni kwamba kila lugha ina mahali pa sherehe na mahali pa soko. Mwanafunzi anayejua kwamba yuko kibandani hataandika insha ya mtihani kwa lugha ya kibandani, ikiwa mwalimu wake amemfundisha tofauti. Tusimpe msimulizi lawama ya kazi ambayo ni yetu.

Yapo pia madai kuhusu watoto, na hapa siwezi kuwatetea wenye vibanda. Filamu za watu wazima huonyeshwa mchana mbele ya watoto waliotoroka shule. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ipo, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ina madaraja ya umri yanayojulikana. Yafuatwe. Mwenye kibanda asiyeyafuata asijifiche nyuma ya hoja za sanaa.

Pingamizi nzito kuliko zote ni la hakimiliki. Filamu si mali ya msimulizi, na wenye mali hawapati hata ndururu. Ni kweli. Lakini tutazame upande wa pili wa sarafu: sauti ni mali ya msimulizi, naye pia aghalabu hapati chochote pindi kazi yake inaponakiliwa kutoka simu hadi simu. Anaweza kuwa mwizi na mwibiwa kwa wakati mmoja. Huko Minneapolis, Marekani, mwaka wa 1988 wachekeshaji walianzisha kipindi cha runinga kiitwacho Mystery Science Theater 3000, ambamo hukaa mbele ya filamu kuukuu za sayansi ya kubuni na kuzitania mwanzo hadi mwisho. Kimsingi ni kazi ileile ya kibanda. Mwaka wa 1993 kipindi hicho kilitunukiwa tuzo ya Peabody, mojawapo ya tuzo za heshima kubwa katika utangazaji wa nchi hiyo. Kwao mzaha juu ya filamu ulipata tuzo. Kwetu, msimulizi akisikia hodi hujiuliza kama ni askari.

Basi tufanye nini? Ninapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za kutisha.

Mosi, serikali za kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu zitenge siku katika tamasha zao za utamaduni ambapo wasimulizi watashindana hadharani, kwa Kiswahili, kwa Kimeru na kwa Kiembu. Filamu za kutumia zipo. Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka wa 2009, filamu fupi ya Kikenya ya sayansi ya kubuni yenye jina la Kiswahili na maneno machache mno. Zipo pia filamu kuukuu ambazo muda wa hakimiliki yake umekwisha. Kwa hizo hapana wa kumwibia.

Pili, vituo vya redio vinavyotangaza kwa lugha za eneo hili, kama Muuga FM na Wimwaro FM, viwape wasimulizi nusu saa kwa juma. Mtu anayeweza kuifanya filamu ieleweke gizani umeme unapopotea, hashindwi kuifanya ieleweke redioni.

Tatu, Halmashauri ya Hakimiliki iwaelimishe wasimulizi kuhusu haki zao na haki za wengine, na iwasaidie kutafuta njia ya leseni. Kumfukuza mtu sokoni bila kumwonyesha duka la halali ni kumrudisha kwenye uchochoro.

Nne, na hili latuhusu sisi wenyewe. Eneo hili sasa lina vyuo vikuu: kipo cha Chuka, kipo cha Meru, kipo cha Embu. Idara za lugha zikusanye sauti hizi, zizinukuu na kuzihifadhi. Kanda za kwanza zinaoza, nyingine zilirekodiwa juu yake nyimbo, na zilizo katika simu hufutwa nafasi inapojaa. Baada ya miaka 30 atakuja mtafiti, yamkini kutoka ng'ambo, atuulize Wameru na Waembu walikuwa wakiziitaje mashine walipoziona kwa mara ya kwanza. Tutamwonyesha kamusi, naye atatuambia kwamba hakuulizia kamusi.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze na kulinda lugha za watu wa Kenya. Kifungu hicho hakisemi kwamba lugha zilindwe katika makongamano tu. Zinalindwa pia pale mtu mmoja anaposhika maikrofoni mbele ya picha ngeni, akawaambia wenzake kwa lugha yao ni kitu gani wanachokiona, na kwa nini wasikiogope.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Msimulizi wa kibanda amecheza kwao kwa miaka mingi, na wanaomtuza hadi leo ni wale wa kwenye benchi peke yao, kwa shilingi zao chache za kiingilio. Ni wakati sasa waliosoma na walio madarakani nao watie mkono mfukoni.